Kifungo cha Bwana Wende

Jina lake zima lilikuwa refu kama risala:
Meja Horasi Wendelbi, wa kikosi sijui cha ngapi.
Watu wa Malindi hawakuwa na wakati huo.
Walilikata, wakamwita Bwana Wende,
na kweli, miaka mitatu haijatimia, akenda.

Alikuja kufundisha askari wa Seyyid
kugeuka kushoto, kugeuka kulia,
kusimama juani bila ya kukuna shingo.
Shangani alikuwa na nyumba ya kupanga, na farasi mwekundu,
na Kazija, bibi yake bibi yangu,
mwenye vidole vyembamba, asiyeshtushwa na kishindo cha viatu.

Kwao alivua koti, akavaa kura.
Walimchagua wakulima wa shayiri
ambao hawajapata kunusa karafuu mbichi.
Bungeni alisimama saa nzima akitueleza sisi.
"Nawajua watu wale," alisema, "nimekaa nao."
Akaoa binti wa mwenye kiwanda cha vigae,
wakazaa wanne: mmoja kasisi,
mmoja kafa vitani,
wawili wamo pichani, wamemshika mbwa.

Haya yote kanihadithia kitukuu chake,
mzee mrefu, shingo imeungua,
aliyebisha hodi kwangu Vuga mwezi wa Julai
na shajara ndani ya mfuko wa plastiki
ambao sijui aliupitishaje forodhani.
Alikuwa anatafuta kaburi.
Moyo ukanipiga. Nikavuta kiti.

La farasi.

Farasi ana jina mle, ana tarehe ya kuugua,
ana mistari kumi na minne ya majonzi.
Kazija naye yumo, ukurasa wa sabini na mbili:
"Mpishi nimemwachia rupia ishirini."

Mpishi!
Kazija hakupata kupika wali usishike chini.
Ukoo mzima unajua, mpaka leo
sufuria ikiungua tunasema "leo kapika Kazija."
Yeye alikuwa akishona kofia.

Na kifungo cha shaba, chenye nanga na taji,
wapo wanaosema kilidondoka mlangoni siku ya safari.
Bibi alikuwa akibetua mdomo:
kifungo cha askari hakidondoki, mwanangu,
hukatwa. Na mkasi ulikuwa wa nani?
Tumboni alikuwa na Mafunda, miezi minne.

Mafunda alikiotea meno.
Alipokua akakiweka juu ya bafta,
akazungusha penseli, likatoka duara,
ndani ya duara vitobo, pembeni uzi wa hariri,
duara kwa duara mpaka kofia imefunga.
Akamfundisha bintiye, naye mama, na mama mimi.
Basi hesabu mwenyewe wanaume wa mji huu
waliosujudu na kifungo cha Meja kichwani.
Wapo waliogoma bandarini wakapelekwa jela nazo:
kifungo juu, kifungo chini.

Mgeni alikiona kwenye kibweta cha nyuzi.
Akakishika. Akakigeuza. Hakusema kitu,
ila masikio yalimwiva.
Akauliza bei.
Nikamwambia hicho hakiuzwi, ndicho chombo cha kazi.
Kinachouzwa ni kofia.
Akajaribu ya duara ishirini na sita,
ikamkaa bila ya kuvutwa, kama imekatiwa kichwa chake,
kama inavyomkaa kaka yangu Sleyumu.
Tukatazamana kwenye kioo cha kabati
muda mrefu kuliko adabu.

Nilimtajia bei ya wageni. Sikupunguza.
Akalipa, akafika mlangoni, akarudi,
akafungua shajara, akaniomba nimtajie tena lile jina,
polepole, herufi kwa herufi.
Akaliandika mahali palipobaki wazi,
chini ya farasi.

Penseli ilikuwa yangu.
Ameondoka nayo.